Nusu ya Mstari Mweupe

Mwili wa mwalimu ulikutwa ungali umefungwa mkanda. Hilo lilimuuma Inspekta kuliko damu. Mwanamke huyu alikuwa amefanya kila kitu inavyotakiwa: mkanda kifuani, raba miguuni kwa ajili ya kuendeshea, viatu vya kazini ndani ya mfuko, na kwenye kiti cha nyuma rundo la madaftari ya darasa la nne, nusu yake yameshasahihishwa. Mtu wa aina hiyo hafi asubuhi kweupe, kwenye barabara kavu, bila kugongana na mtu. Lakini alikuwa amekufa, na lile gari jeusi la milango minne lenye injini ya mashindano lilikuwa limejikunja kwenye ukingo wa daraja dogo kama kopo lililokanyagwa.

"Shahidi?" Inspekta aliuliza.

"Dereva wa trekta," alijibu Sajini, mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja astaafu na ambaye kwa kawaida hakosi utani. Leo hakuwa nao. "Anasema ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi. Tairi la nyuma kulia lilipasuka, gari likazunguka, likaishia hapa."

"Mwendo?"

"Wa kawaida. Anasema yeye mwenyewe na trekta lake alikuwa karibu kulipita."

Mkaguzi wa magari alikuwa amelala chali chini ya gari, miguu nje. Alikuwa mtu aliyependa magari kuliko watu, na hakuwahi kulificha hilo.

"Afande, inama uone. Magoti yako yanisamehe."

Inspekta aliinama, magoti yakalalamika kama kawaida yao. Tairi lilikuwa limekatika upande wa ndani, duara zima, safi kabisa. Kwenye shokapu, nguzo ya chuma iliyo ubavuni mwake, kulikuwa na unga mweusi wa mpira.

"Huu si msumari," alisema mkaguzi. "Tairi limesagwa. Magurudumu haya ya nyuma si yaliyokuja na gari. Mwenyewe kaweka mapana zaidi, ya kujionyesha. Sasa ringi pana ukiifunga hivi hivi, tairi linalamba shokapu. Kila mzunguko linalamba. Kilomita kumi na tano, limekwisha."

"Fundi anayejua kazi yake angefanyaje?"

"Angeweka spesa. Ni chuma cha duara, unene wa kidole, kinakaa kati ya ringi na gari, kinalisukuma gurudumu nje kidogo. Hapa spesa hakuna. Kulia hakuna, kushoto hakuna."

Inspekta alisimama akajifuta vumbi. Ni aibu kusema, lakini alihisi nafuu. Saa nne haijafika na tayari alikuwa na mtu wa kumlaumu.

Mume alikuja mbio na aproni ya kiwanda cha uchapaji, wino vidoleni. Ilibidi watu watatu wamshike asilifikie gari. Alipotulia kidogo na kuambiwa spesa hazikuwepo, neno la kwanza kumtoka lilikuwa fundi.

"Alhamisi nilimpelekea gari. Magurudumu mapya, spesa mpya, vyote nilinunua mimi! Kaziiba spesa! Kaniulia mke wangu, afande!"

"Mkeo huendesha gari hili?"

"Hapana. Analiogopa. Yeye ni wa basi. Leo dawa za presha za baba zilikuwa zimekwisha, akasema atazipitia kabla ya vipindi. Mimi Jumatatu nafuatwa na gari la kiwanda, nikamwachia funguo."

"Aliwasiliana nawe asubuhi?"

Mume alitazama wino vidoleni mwake. "Alipiga kuniambia ameshatoka. Basi."

Inspekta aliandika: *Alipiga kusema ametoka.* Halafu akatuma watu wakamlete fundi.

Fundi aliitwa Kimya, na jina lilimkaa. Alipoletwa kituoni habari ilikuwa imeshamtangulia mtaani na vioo vya karakana yake vilikuwa vimevunjwa. Aliketi mbele ya meza ameweka mikono juu ya magoti, mikono mikubwa yenye makovu ya spana.

"Spesa ziko wapi?"

"Nilizifunga."

"Hazipo."

"Nilizifunga, afande."

"Kila mwizi husema hivyo."

Sajini alipiga miayo. Inspekta alibadili njia.

"Ulitumia bolti gani?"

"Ndefu. Spesa inataka bolti ndefu, la sivyo haishiki. Fupi za zamani nilimrudishia mwenye gari, ndani ya kopo la maziwa."

"Tulizokuta ni fupi."

Hapo Kimya aliinua uso. "Zina mstari?"

"Mstari gani?"

"Nikishakaza bolti naipaka rangi nyeupe. Mstari mmoja, nusu juu ya bolti, nusu juu ya ringi. Bolti ikilegea, nusu hizo hazikutani tena, mwenye gari anaona hata kwa macho. Hakuna gari linalotoka kwangu bila mstari." Kwa Kimya, hii ilikuwa hotuba. "Afande, mimi nisipoaminiwa kwenye gurudumu, nitaaminiwa kwenye nini? Mikono hii haijui kazi nyingine."

Inspekta alimrudisha mahabusu, akaenda mwenyewe kwenye yadi ya polisi ambako gari lilikuwa limevutwa. Mkaguzi alimshikia tochi. Kwenye kila ringi ya nyuma kulikuwa na vijistari vitano vyeupe, na kila kimoja kiliishia ghafla pale bolti ilipoanzia. Bolti zenyewe zilikuwa safi, hazina hata tone la rangi.

"Kuna aliyezifungua baada ya fundi," alisema Inspekta.

"Na si mtu wa magari madogo," alisema mkaguzi. "Gurudumu la kushoto lilinitoa jasho. Ilibidi nichomeke bomba kwenye spana na kulikalia ndipo bolti zikaachia. Aliyezikaza alizoea lori."

"Basi fundi msafi," Sajini alisema. "Tumwachie?"

"Bado. Tukimwachia leo bila kuwapa watu sababu, watammaliza huko nje."

Alipaswa kufurahi. Lakini gari hilo lililala ndani ya geti lililofungwa, na ndani ya geti hilo waliishi watu watatu tu. Mmoja alikuwa chumba cha maiti. Inspekta alikwenda ofisini, akafungua bahasha ya vielelezo na kutoa simu ya marehemu, iliyokutwa ndani ya mkoba, chini ya madaftari, mlio wake umezimwa kama walimu walivyozoea.

Saa mbili na nusu mwalimu alimpigia mumewe. Sekunde arobaini. Baada ya hapo kulikuwa na simu saba ambazo hazikupokewa, zote kutoka kwa mtu mmoja aliyeandikwa "Baba". Ya kwanza saa mbili na dakika thelathini na tano. Mbili za mwisho ziliingia gari likiwa limeshaanguka.

"Mwalimu alikuwa na baba?" aliuliza.

"Yatima," alijibu Sajini. "Baba ni huyo mkwe wake. Dereva mstaafu."

"Wa nini?"

"Wa lori."

Nyumbani waombolezaji walikuwa wameanza kujaa. Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma ya nyumba, mbali na watu, jozi nyingine ya raba zilizofuliwa za mkwewe zimeanikwa ukutani juu ya kichwa chake. Inspekta aliangalia sakafu ya saruji mahali gari lilipokuwa likilala. Palikuwa na alama mbili za mafuta, duara kila moja, pale ambapo magurudumu ya nyuma hukaa. Stoo ilikuwa wazi, na ndani jeki ya lori ilikuwa imesimama kwenye kidimbwi kidogo cha mafuta yale yale.

"Pole na msiba, mzee."

"Asante, mwanangu."

"Asubuhi ulimpigia mkweo mara saba."

"Nilitaka kumkumbusha dawa."

"Dawa mtu anakumbushwa mara moja, mzee."

Ndani ya nyumba mwanamke mmoja alianza kulia, wengine wakamfuata.

"Jana Jumapili mchana, mwanao na mkewe walikuwa wapi?"

"Harusini. Walifuatwa na rafiki yao."

"Na gari?"

"Hapa."

"Na kopo la maziwa lenye bolti fupi?"

Mzee aliinuka. Sajini alitaka kumfuata, Inspekta akamzuia kwa mkono. Mzee aliingia chumbani kwake akarudi na kifurushi cha gazeti, akakiweka juu ya benchi na kukifungua polepole. Zilikuwa spesa mbili, zinang'aa, na bolti kumi ndefu. Kwenye kichwa cha kila bolti kulikuwa na nusu ya mstari mweupe.

"Kabla hujasema lolote," Inspekta alianza, "huna lazima ya kusema, na utakalosema—"

"Niache niseme, mwanangu. Nikinyamaza nitapasuka."

Alisema akitazama ukuta.

"Mwanangu kalipindua gari lile mara mbili. Mara ya pili katoka na jino pungufu, anacheka. Magurudumu haya mapana yalikuwa ya Jumamosi ijayo, akashindane na wenzake. Binti, mkewe, alinijia jikoni, akapiga magoti, mtu mzima, mwalimu wa watu. Akasema, baba, mimi hanisikii, wewe anakuogopa. Fanya lolote, nisiwe mjane kabla ya thelathini. Nikaongea na mwanangu. Akaniambia mambo ya lori yalishapitwa na wakati."

"Ukatoa spesa."

"Miaka thelathini nimeendesha lori. Tairi la lori likigusa chuma, linapiga kelele mtaa mzima unasikia. Linatoa moshi, linanuka. Dereva hafiki mbali, anashuka. Nilijua mwanangu akiliwasha tu jioni atalisikia kabla ya kona ya kwanza. Gari lile analisikia hata mlango usipobana. Angeona mapya yanasumbua, angerudisha ya zamani. Ni hilo tu nililotaka." Aliipangusa spesa moja kwa kiganja, kama vile ina vumbi. "Sikujua tairi za siku hizi ukuta wake ni mwembamba hivi. Sikujua, mwanangu. Tairi nilizozijua mimi zilikuwa zinalia muda mrefu kabla hazijakata."

"Na asubuhi?"

"Nilikuwa naoga. Nimetoka, geti wazi, gari hakuna. Nikapiga. Nikapiga. Na alikuwa amefuata dawa zangu."

Inspekta alikuwa ameandika maelezo ya wauaji kwa miaka ishirini na sita. Wengine aliwachukia, na chuki hiyo ilimsaidia kulala. Leo alitafuta mahali pa kuiweka hakupaona. Sheria ilikuwa na maneno yake, kuua bila kukusudia, nayo aliyaandika kwa mwandiko wake mzuri, yote, bila kukosea. Hakukuwa na kingine alichoweza kufanya.

"Mwanao atajua leo," alisema.

"Nitamwambia mwenyewe. Niruhusu hilo tu."

Saa kumi Kimya alitolewa mahabusu. Alirudishiwa mkanda wake na kamba za viatu, akaanza kuzifunga taratibu koridoni pale pale. Mume, ambaye alikuwa amekaa hapo tangu mchana akisubiri kusikia mashtaka, alimrukia. Sajini aliingia kati.

"Mnamwachia? Mnamwachia muuaji aende?"

"Hakuua," alisema Inspekta.

"Nani basi? Niambieni nani!"

Mzee alitokea mlango wa chumba cha mahojiano na kifurushi chake cha gazeti, askari mmoja ubavuni. Mwanawe alipomwona uso ulimlainika.

"Baba, afadhali umekuja. Waambie. Waambie wewe, wewe unayajua magari."

Maneno yote aliyokuwa ameyapanga njiani yalimkimbia. Alikiweka kifurushi kwenye benchi na kukifungua. Mwanawe alizitazama spesa. Alikuwa amezichagua mwenyewe dukani, akazileta nyumbani na kumwonyesha kila mtu. Akaziangalia bolti na nusu za mistari. Akamwangalia baba yake, mikono yake, kucha zake zenye mafuta meusi.

Inspekta alijiandaa kwa kelele. Sajini alisogea karibu. Kimya, ambaye angeweza kwenda zake, alibaki amesimama na kamba moja ya kiatu haijafungwa.

"Nilifikiri utasikia," mzee alisema hatimaye. "Nilifikiri likianza kulia tu, utasimama."

Mume aliketi sakafuni, polepole, mgongo ukutani. Alipozungumza alizungumza na Inspekta, si na baba yake.

"Simu ile ya asubuhi, afande. Nilikudanganya."

"Najua," alisema Inspekta, ingawa alikuwa akidhani tu.

"Hakupiga kusema ametoka. Alisema gari linalia nyuma, kuna harufu, arudi au aendelee." Alifuta uso, wino ukabaki shavuni. "Nikacheka. Nikamwambia tairi pana ndivyo zilivyo, utazizoea."