Mkono Ulioshika Pete

Balaa lilianza na kimya. Kila dereva wa treni zile za dizeli, za buluu, aliijua kero ya pete, chuma kilichozunguka usukani: uishike, uiachie kidogo, uishike tena, safari nzima, ili mashine ijue u hai. Ukisahau, king'ora kinalia. Ukizidi kusahau, breki zinajifunga zenyewe. Zama za mvuke waliendesha wawili. Dizeli ilipokuja, mchochea moto akaondolewa, dereva akaachiwa pete.

"Marcelin, king'ora kimekufa," Régis Coudert alimwambia msimamizi wa karakana. "Nimemenya chungwa kwa mikono miwili. Kimya!"

"We naye! Mafundi wameikagua, nzima. Mkeo akinyamaza unashukuru, mashine ikinyamaza unashtaki?"

"Na mle ndani mnanuka tumbaku ya Anselme."

Marcelin aliacha kucheka. "Jina hilo usilitaje hapa."

Anselme Roubeyre alikuwa amevunja mgomo, akaendesha treni wenzake walipogoma. Kesho yake aliingia karakana akitoa mkono kwa kila mtu, maana pale huanzi kazi hujawapa wenzako mkono, hata mliogombana. Marcelin alitia wake mfukoni, na wote wakamwiga, Régis naye. Siku hiyohiyo Anselme alifia peke yake ndani ya dizeli hii anayoiendesha Régis sasa. Breki zilijifunga, na vidole vyake wakavibandua kwenye pete kimoja kimoja.

Régis aliondoka na abiria wake. Kwenye mteremko wa Villefort, ndani ya ukungu, aliona taa nyekundu, na mbele yake treni iliyojaa watu imesimama. Alivuta breki, haikusogea. Akavuta kwa mikono yote miwili huku magurudumu yakizidi kasi na jasho likimwingia machoni, akaiachia pete kabisa ili mashine imdhanie maiti na kujisimamisha, akangoja king'ora, na king'ora hakikulia, kwa sababu upande wake wa pili pete ilikuwa ikibonyea, ikiachiwa, ikibonyea tena, taratibu, kwa mkono wa mzoefu asiyeonekana.

"Anselme," alinong'ona. "Kaka, iachie. Nina watu nyuma."

Tumbaku ilimpulizia usoni. Hapo ndipo alipoelewa, na aibu ikamchoma kuliko hofu. Akanyoosha mkono, ule aliomnyima karakana.

"Za asubuhi, Anselme."

Kitu cha baridi kikaushika, kikaubana. Pete ikainuka. King'ora kikalia, breki zikauma, na treni ikasimama karibu mno hata akamwona mama wa behewa la mwisho akimkatia mwanawe mkate.

Mkono ukamwachia. Harufu ikatoweka, na Régis akalia machozi ya shukrani.

Alipoirudisha dizeli karakana, tumbaku ilimpokea mlangoni. Wenzake walikuwa wamejibana ukutani. Katikati alisimama Marcelin peke yake, mkono wa kulia ameunyoosha mbele, vidole vimebanwa hadi vimekuwa vya buluu.

"Régis," alinong'ona, "mwambie basi aniachie."