Vichupa vya Jumatatu

Asubuhi hiyo ya mwaka 2008, bandari ya Juba ilijaa watu waliosubiri kupanda tishali la kwenda kaskazini. Kisakye, binti wa Mukono, alipita katikati yao na kikapu cha mafuta ya kunukia: lavenda, mkalitusi, mchaichai. Gauni lake la kitenge lilikuwa limeanza kumpwaya. Miezi mitatu iliyopita aliacha kazi ya saluni Kampala kuja kutafuta wateja huku, na kila aliyemsimamisha aliuliza kama ni ya kupikia.

Mwanamume aliyekuwa akielekeza wapagazi alirudi kinyumenyume akamgonga. Kichupa kikapasukia kiatuni mwake.

"Pole, dada. Sasa nitanukia hivi mpaka jioni?"

"Hiyo iko lavenda. Inatuliza moyo."

"Basi haifanyi kazi. Wangu ndio umeanza kwenda mbio."

Kisakye akacheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi. Mwanamume huyo alikuwa Alfayo, Mkenya wa shati jeupe lililopigwa pasi, mtunza stoo wa hoteli moja kando ya mto. Wiki mbili walipigiana simu kila jioni, kisha Alfayo akampa habari: hoteli itachukua vichupa kumi na viwili kila Jumatatu, vya kuweka vyumbani mwa wageni.

"Mbona unalia, mpenzi?"

"Mimi ilikuwa karibu kufunga mizigo, Alfa."

Siku nyingine Kisakye alizunguka mtaa wa Nyakuron duka kwa duka. Watu walinusa, wakasifu, wakamrudishia. Oda ya Jumatatu tu ndiyo iliyomwamsha kitandani. Miezi miwili ikapita hivyo, mzigo wake ukawa karibu kwisha.

Kisha Alfayo akashikwa na malaria. Kisakye alikwenda kumuuguza chumbani kwake mtaa wa Atlabara, na alipokuwa akitafuta shuka kavu akavuta katoni chini ya kitanda. Vichupa vyake vyote vya Jumatatu vilikuwa mle, havijafunguliwa hata kimoja.

"Hoteli gani inaweka mali yake hapa?"

Alfayo akafumba macho. "Meneja alikataa tangu mwanzo. Niliogopa utaondoka."

"Kwa hiyo sina mteja. Niko na mtu wa kunihurumia tu."

Alimpikia uji, akauweka karibu yake, akatoka. Simu iliita siku nane, hakupokea. Siku ya tisa, akiwa ameshaweka nafasi kwenye basi la Kampala, mama mmoja wa Nyakuron, Teresina, anayekanda wanawake waliojifungua, alimwita getini. Akasugua tone la mchaichai mkononi, akanusa muda mrefu.

"Wanawake wangu wamechoka na harufu ya simsim, mafuta ya ufuta. *Jibu kulu.* Lete yote uliyonayo."

Kisakye alisimama barabarani. Karibu yote yalikuwa Atlabara, chini ya kitanda cha Alfayo.

Alfayo alifungua mlango, amekonda, shati halina pasi.

"Nimepata mteja," alisema Kisakye. "Mzigo uko kwako. Lakini ulinunua, ni mali yako."

"Nilinunua wewe kukaa Juba wiki moja zaidi. Kila wiki. Sikujua njia nyingine."

"Ungeniambia ukweli. Tungetafuta wateja sisi wawili." Machozi yalimshuka. "Uliniacha nitafute peke yangu, na kumbe uko hapo."

"Nisamehe, Kisa. Nataka kukuoa. Huo nao ni ukweli."

Kisakye alishika upande mmoja wa katoni, akamngoja ashike wa pili.

Teresina aliwaona wakikaribia, jasho likiwatoka, akamkazia macho Alfayo.

"*Da rajil taki?* Mume wako huyu?"

Kisakye alitua katoni, akapangusa uso kwa kitenge.

"Bado," alisema. "Ataenda kwanza Mukono kwa baba."