Taa za Bandari Ndani ya Nyota

Kijiko kiligonga kikombe gizani, ting, ting, kikakoma. Ilikuwa saa nane mchana. Nyumba za wanaofanya kazi usiku kwenye darubini za mlimani, hapa La Serena, Chile, zina mapazia meusi mazito, na mchana ndio usiku.

"Millaray, weka kijiko chini," Yasna Carvajal alimwambia bintiye wa miaka mitano.

"Nakoroga polepole, mama."

Yasna hakuwa amelala hata hivyo. Alikuwa na kompyuta mapajani, anasoma makala aliyotumiwa na jarida aikague. Haikuwa na jina la mwandishi, ndiyo desturi. Mwandishi naye hamjui mkaguzi. Lakini utamfichaje mwanamke mwandiko wa mwanamume aliyeishi naye miaka mitatu? Kila aya ilinuka Gaspar.

Na wazo lilikuwa la Yasna. Nyota ikizeeka huvimba, ikawa jitu jekundu, ikasinyaa, halafu ikavimba tena. Yasna ndiye aliyesema kwamba katika vishada vikongwe vya nyota, zile nyota zilizozaliwa na sodiamu tele hufa kabla ya uvimbe wa pili. Mwaka juzi Gaspar alisimama mbele ya watu mia mbili akalisema wazo hilo kama lake. Yasna alikuwa amekaa kiti cha tatu. Jioni ile nguo za Gaspar zilikutwa barazani.

Sasa Mungu kamleta mkononi mwake, tena na kosa. Sodiamu ya nyota huonekana kama mstari mweusi kwenye mwanga wake. Gaspar alisahau kuondoa mng'ao wa taa za manjano za bandari, nao ukaujaza ule mstari. Nyota zake zikaonekana maskini wa sodiamu, kumbe ni taa za bandari ya Coquimbo, jirani na mji.

Amkatalie? Huo ungekuwa upole. Yasna aliandika: "Kazi safi sana. Ichapishwe kama ilivyo." Dunia nzima ingemcheka. Hakuituma bado. Aliacha utamu ule kama mtu anayebakiza nyama ya mwisho kwenye sahani, akavaa gauni lake la manjano, akamwacha Millaray kwa jirani, akaenda sokoni.

La Recova ilifurika watu wa Jumamosi. Alikuwa anachagua mapapai alipogongwa bega na mtu aliyevaa koti la mlimani katika joto lile.

"Samahani, da..." Gaspar akamtambua. "Yasna."

"Dada wa nani? Umenizidi miaka minne."

"Umependeza."

"Najua. Wewe umekonda. Anakupikia nani, darubini?"

Alicheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni. "Mbona hupokei simu? Nimepiga mara arobaini."

"Arobaini na moja. Hesabu hujawahi kuijua."

"Nipe dakika moja, halafu unitukane mpaka jioni. Sikusahau jina lako siku ile. Nililiacha. Mkuu wa idara alikuwa mbele, nikataka anione mimi. Sasa kuna makala mpya. Isipotoka kabla ya Disemba, sina kazi. Lakini soma hapa." Akamnyooshea simu. Ulikuwa ukurasa wa shukrani: *Wazo hili ni la Yasna Carvajal. Nililichukua mezani kwake bila ruhusa, nikalitangaza kama langu.*

"Mbona huu..." Yasna akaung'ata ulimi, asije akasema kwamba haumo katika nakala yake.

"Jarida limeufunika mpaka mkaguzi amalize. Ila utachapwa, neno kwa neno."

Yasna alichukua mapapai yake akaondoka bila kuaga.

Alimchukua Millaray kwa jirani, na nyumbani akatembea huku na huku. Hasira haikuisha, ilikosa tu pa kukaa. Mtu keshajivua nguo mwenyewe mbele ya dunia. Wewe umebaki na fimbo, utampiga wapi? Jua lilikuwa linaelekea baharini alipopiga simu.

"Gaspar. Zile siku tatu za Machi ulipopima nyota, ukungu ulipanda kutoka baharini ukaufunika mji?"

"Sikumbuki. Kwa nini?"

"Haukupanda. Mji ulikuwa wazi, taa zote zinawaka. Taa za manjano zina nini ndani?"

"Sodiamu. Mungu wangu! Yasna, makala yangu umeionea wapi?"

"Unadhani anayo nani?"

"Tangu lini?"

"Wiki mbili. Nilishaandika sifa. Nilitaka uanguke, Gaspar, mpaka mfupa usikike."

"Na sasa?"

"Nitawaambia jarida nakujua, watafute mkaguzi mwingine. Wewe iondoe, usafishe zile siku tatu, uanze upya."

"Disemba itanipita. Watanifukuza."

"Watakufukuza."

"Na wewe?"

"Mimi nilishakufukuza. Sina mlango wa pili wa kukutolea."

"Basi nije?"

"Njoo. Lakini sijakusamehe."

"Najua, kipenzi."

"Usiniite kipenzi."

"Haya, mheshimiwa mkaguzi."

Yasna alikata simu haraka asisikike anacheka, maana kicheko chenyewe kilikuwa na machozi. Alifuta sifa zile herufi moja moja. Aliumia kidogo kuziacha.

Mlango ulipogongwa, Millaray ndiye aliyefungua. Alimtazama yule mwanamume mwenye macho mekundu, ambaye hakumwona tangu akiwa na miaka mitatu, kutoka viatu mpaka nywele.

"Leo tunakula dengu," alisema, akampisha aingie.