Kulia kwa Mgonjwa

Kantini ya hospitali ilifurika watu wa mchana. Kijana mmoja mtengeneza programu alikuwa amejibana pembeni na kompyuta yake, akizungusha ubongo kwenye kioo. Shati lake la drafti lilipigwa pasi mbele tu. Nyuma yake akasimama daktari wa upasuaji, dada mrefu mwenye kitambaa cha zambarau kichwani, sahani mkononi, akitafuta kiti.

“Samahani, kaka. Huo ubongo wa nani?”

“Wa mfano tu. Nauchora kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Shika hapa, uuzungushe utakavyo.”

Akauzungusha, akaguna. “Rangi umemwaga kweli. Lakini sehemu inayoendesha mkono inaishia wapi? Mimi napasua, kaka yangu, sipaki rangi.”

“Unataka mipaka?”

“Nataka mipaka.”

Wengine hutongozwa kwa maua. Huyu alitongozwa kwa mistari. Kijana alizungushia kila eneo la ubongo mstari mwembamba mweusi, na ukiligusa, jina lake linatokea. Kila eneo lililopata mpaka, kijana na daktari walipigiana simu.

“Bwana Mipaka, umekula?”

“Nitakulaje, laazizi? Eneo la kusikia limeacha mwanya.”

“Basi liache hivyohivyo, uje unisindikize nyumbani.”

Penzi likanoga mpaka manesi wakaanza kuulizia tarehe ya harusi.

Ikafika siku ya kikao cha madaktari cha kupanga upasuaji. Mgonjwa alikuwa mama mmoja fundi cherehani, mwenye uvimbe kwenye ubongo, karibu na eneo la mkono. Daktari wetu, kwa madaha, akaonyesha ukutani picha ya ubongo wa mama huyo, iliyochorwa na mpenzi wake kutokana na vipimo vya hospitali, akasema uvimbe uko kulia.

“Kushoto,” daktari mkuu akamsahihisha. “Si mkono wa kulia ndio unaokufa ganzi? Nao huendeshwa na ubongo wa kushoto.”

Watu wakakohoakohoa. Daktari wetu akapiga simu palepale, akafungua spika wote wasikie, maana alijua mpenzi wake atamwokoa.

“Mpenzi, niko kikaoni. Ramani yako imegeuka.”

“Haijageuka. Kushoto ni kushoto. Mwenye macho haambiwi tazama, Dokta.”

Chumba kizima kikaangua kicheko.

Jioni daktari wetu akamwambia kijana kwa upole, na upole ule uliuma kuliko matusi. “Kubishana si neno. Lakini siwezi kuolewa na mtu anayeniacha nizame ili yeye asilowe.” Tangu hapo simu zikawa hazipokelewi.

“Lakini nilikuwa sahihi!” kijana akamlalamikia shangazi yake aliyekuwa akiishi naye.

“Haya, oa huo usahihi. Ukiugua, ukukorogee uji.”

Kwa hasira akaenda na ramani yake kumuuliza fundi wa kipimo cha ubongo pale hospitalini. Fundi akamshangaa. “Hukuuliza? Sisi tunasoma picha kama vile mgonjwa ametukabili. Kulia kwake ni kushoto kwetu. Wewe umechora kama uliyesimama kisogoni kwake.”

Kijana akaitazama tena ramani yake. Mpenzi wake alikuwa ameisoma picha ile kama anavyosoma nyingine zote. Yeye mwenyewe ndiye hakuwahi kuuliza nani ataitazama. Akaandika upya programu yake: kila upande ukapata maneno yake, kulia kwa mgonjwa, kushoto kwa mgonjwa, na hata uuzungushe ubongo vipi, maneno hayabanduki.

Kikao kilichofuata akabisha hodi, ndani ya koti la kuazima lililommeza mikono.

“Shikamooni, wakubwa. Siku ile kosa lilikuwa langu, halikuwa la Daktari. Nilichora bila kuuliza, nikamjibu bila adabu mbele yenu. Namwomba radhi mbele yenu.”

Daktari mkuu akaizungusha ramani mpya, akaridhika, na fundi cherehani akapangiwa upasuaji. Daktari wetu alimkuta kijana koridoni.

“Hilo koti la nani?”

“La mjomba.”

“Limekuvaa wewe.” Akacheka, kisha machozi yakamlengalenga. “Ungeniandikia ujumbe tu.”

“Nilikuaibisha hadharani, mpenzi. Nisingeweza kuomba radhi kichochoroni.”

“Nimekukumbuka mpaka nimechoka. Jumapili njoo nyumbani, baba atakuwepo.”

“Nitakuja.”

“Usije peke yako. Njoo na shangazi.”

Mtu haendi na shangazi yake mahali kunywa chai tu. Kijana akaketi kwenye benchi la wagonjwa, akapiga simu nyumbani.

“Jumapili hii?” shangazi akapiga kelele mpaka koridoni wakasikia. “Na gauni langu la kijani liko kwa dobi!”