Bwana Shibe wa Makambako

Siku Hulda alipokutana na Yoeli, Makambako ilikuwa imelowa chapachapa. Ulikuwa mwaka wa hamsini na saba, Mwingereza bado yuko bomani, na mji wenyewe ulikuwa maduka machache ya mabati na pampu ya petroli pale barabara ya Njombe inapoachana na ile ya Mbeya. Basi lilikwisha kuondoka likiwa limejaa hadi mlangoni. Walioachwa walijibanza barazani kwa Methusela, tajiri wa malori, wakilitazama lori lake lililosheheni chumvi.

Dereva wa lori hilo alikuwa Yoeli, mtoto wa kaka yake Methusela: kijana mrefu, koti la ngozi, nywele zimechanwa zikakubali. Bikizee mmoja alimsogelea, kaniki imemganda mwilini, akaomba kiti cha mbele hadi Njombe.

"Nafasi hakuna, bibi," Yoeli alimjibu bila kumtazama. "Hili gari la biashara."

Bikizee akajikokota kuelekea kwenye pampu. Alikuwa amekwisha kutokomea mvuani Hulda alipotoka ndani ya duka, kibiriti na sabuni mkononi, gauni la maua ya bluu na sweta nyekundu ya kufuma.

"Kamwene, kaka. Unakwenda Njombe?"

"Kamwene, dada. Nilikuwa nasitasita, lakini sasa nakwenda."

Hulda akacheka. "Wewe dereva au mshairi?"

"Leo vyote viwili. Panda mbele."

Njiani ukungu uliifunika miti ya miwati kando ya barabara, na Yoeli aliendesha polepole kuliko ilivyohitajika. Katika maongezi alikuja kujua kwamba Hulda ni mwalimu Njombe, kwao Matembwe, na kwamba walimu na makarani walikuwa wanaandaa mchezo wa kuigiza uliotungwa na mwalimu mwenzao, Lameki. Walikuwa wamekosa mtu mmoja tu, wa kuwa tajiri.

"Unaweza kujifanya mtu mbaya?" Hulda alimwuliza.

"Ukinifundisha wewe, nitaweza."

Basi ikawa kila Yoeli akifika Njombe na mzigo, jioni hukimbilia mazoezini. Hulda alimwita "tajiri wangu", naye akamwita "mwalimu wangu". Mwalimu Lameki aliwagombeza kwa sababu walinong'onezana wakati wenzao wanasema maneno yao. Baada ya mazoezi walitembea bega kwa bega hadi nyumba za walimu, pumzi zao zikitoka kama moshi kwa baridi, na hakuna aliyetaka kufika upesi.

Katika mchezo, Yoeli alikuwa Bwana Shibe. Bwana Shibe hununua mahindi ya wanakijiji kwa bei ya kutupa wakati wa mavuno, akayafungia, akawauzia wenyewe kwa bei kali njaa inapobisha. Mke wa jirani anapozidiwa na uchungu wa uzazi, anawanyima lori kwa sababu limepakiwa magunia. Mama yule anakufa. Mwisho wanakijiji wanaungana kuuza mazao yao pamoja, na Bwana Shibe anabaki na ghala lake na panya.

Siku ya kuonyesha, ukumbi wa Njombe ulifurika. Mchezo ulipokwisha, Mwalimu Lameki alimwomba Hulda awachambulie watu tabia ya tajiri yule.

"Wengi mnasema Bwana Shibe hana huruma," Hulda alianza. "Mimi naona anayo, ila anaitoa kama bidhaa, pale inapomletea faida. Vibarua anawaita wanangu, na hajui jina la hata mmoja. Na lile lori lake, mnadhani halina nafasi kweli? Angetokea msichana anayempendeza, nafasi ingepatikana. Akiomba bikizee, gari ni la biashara. Wala hawachukii maskini. Hawaoni tu."

Watu wakapiga makofi. Yoeli, mto wa kujaza tumbo ungali ndani ya shati, alihisi uso unamwaka moto. Alimngoja Hulda nje.

"Ulikuwa unanisema mimi."

"Wewe? Mpenzi, nilikuwa namsema Bwana Shibe."

"Usinizungushe, Hulda. Uliniona siku ile Makambako nikimkatalia yule bikizee. Umeliweka moyoni miezi yote, leo unanianika mbele ya Njombe nzima."

Tabasamu likafifia usoni mwa Hulda. "Bikizee gani?"

Yoeli alianza kuuchomoa ule mto ndani ya shati.

"Nilikuwa namsema baba yangu," Hulda alisema taratibu. "Ana lori la mbao kule Matembwe. Nimekua nikiyaona hayo. Lakini mimi siku ile nilikuwa ndani ya duka. Kwa hiyo kiti nilichokalia alikuwa amekiomba bikizee, ukamwambia nafasi hakuna?"

"Wewe ulikuwa umependeza," Yoeli alisema, na papo hapo akatamani angezaliwa bubu.

Hulda alijifunga sweta yake akaondoka.

Yakafuata majuma ya kuudhi. Dukani kwa Methusela kulikuwa na simu, na Yoeli aliizungusha kuitafuta shule ya Njombe mpaka mkono ukamuuma. Mwalimu Hulda anafundisha. Mwalimu Hulda ametoka. Siku moja tu ndipo alipompata.

"Hulda, ni mimi. Wewe nimekukosea nini? Niliyemkosea ni yule bikizee."

"Ndiyo maana sijui nikusamehe vipi. Yeye umemtafuta?"

"Nimtafute wapi? Hata sura yake siikumbuki."

Sauti ya Hulda ikashuka: "Unasikia ulichosema?" Kabla hajajibu, mtu wa posta akawakatia.

Mchezo ulipoletwa Makambako, Methusela alikaa mstari wa mbele na kizibao chake cheusi. Yoeli aliamua kumtia aibu. Alikohoa kama Methusela anavyokohoa, akachomeka vidole gumba mfukoni kama yeye, akasema "wanangu" kwa sauti ileile. Watu walivunjika mbavu. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Methusela, akijipiga mapaja.

"Umecheza vizuri sana, mwanangu," alimwambia baadaye. "Huyo Shibe ana akili. Mwisho tu ndio mmeuharibu. Mngemwacha ashinde."

"Baba mdogo, yule mama alikufa."

"Alikufa kwenye mchezo. Mahindi yangeoza kweli."

Yoeli alimtazama usoni akitafuta dhihaka, asiione. Mzee alikuwa anasema kwa moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo lililomtia hofu.

"Kuanzia kesho," Yoeli alisema, "kiti cha mbele ni cha mgonjwa au mzee atakayeomba. Bila nauli."

"Kwenye lori la nani?"

"Lako, baba mdogo."

"Basi nenda katafute la kwako," Methusela alijibu kwa upole, kama anayemwagiza chai.

Yoeli alifika Njombe juu ya magunia ya mtu mwingine, vumbi hadi kwenye kope. Alimkuta Hulda kwenye bustani ya shule, akipalilia na wanafunzi.

"Nimefukuzwa kazi," alisema. "Nilidhani nikitenda jema nitaona raha. Sioni raha. Nina hasira, nina njaa, na bikizee mwenyewe hanijui."

Hulda aliegemea jembe.

"Nataka nikuoe," Yoeli aliendelea. "Najua wakati wenyewe mbaya."

"Baba atakuuliza una nini."

"Nitamwambia sina kitu."

"Atakufukuza."

"Nimeanza kuzoea."

Hapo Hulda alicheka, kicheko alichokuwa amemnyima siku zote hizo, akampa jembe. "Malizia mstari huu, tajiri wangu, kisha uje ule."

Walikwenda Matembwe, na baba akamfukuza Yoeli kabla chai haijapoa. Mwaka uliofuata walioana kanisani Njombe, Yoeli akiwa dereva wa chama cha wakulima wa pareto, kwa mshahara wa kubahatisha. Baba wa Hulda hakuja. Alituma gunia la mchele na mtu wa kusimama mbele ya wageni kutangaza limetoka kwa nani. Hulda, katika gauni lake jeupe, alilia kwa hasira. Kisha mchele ukapikwa, watu wakala wakashiba, na Yoeli akaenda kuwakaribisha wazee, akimwuliza kila mmoja jina lake.