Taa Iliyowaka Bila Waya

Valerian alichomoa waya, taa ikaendelea kuwaka.

Ilikuwa kioo tu cha upana wa kucha, kilichopakwa punje za fuwele ndogo kupita vumbi la unga, ambazo zikipitishiwa umeme hutoa mwanga wa kijani. Miezi mingi, katika chumba cha kupanga pale mtaa wa Malangali, alihangaika kuuongeza mwanga huo. Punje zilivaa utando wa mafuta uliozuia umeme; usipoutoa zinafifia, ukiutoa sana zinakufa. Leo wageni wa chuo kilichomfadhili walikuwa wanakuja kuamua kama kazi iendelee au ifungwe. Na taa iliwaka kuliko siku zote, bila waya, huku chumba kikinuka pombe ya ulezi.

Harufu hiyo aliijua, na aibu ikamchoma. Asubuhi mama yake, Fransiska, alifika kutoka kijijini Msanzi na chungu cha pombe ammwagie marehemu babu kizingitini, kama ukoo wao ufanyavyo kazi ya mtoto inapofikia siku yake kubwa. Valerian aliimwaga mtaroni.

"Unyevu unaua punje zangu, mama."

"Haya, baba. Ila babu yako akija na kiu, mimi simo."

Unyevu huziua kweli. Lakini kilichomsukuma ni haya, wageni wasije wakakiona kile chungu.

Wageni wakaingia, mapazia yakafungwa. Mkubwa wao, Dokta Bertha, akamwona mama pembeni. "Na huyu ni nani?"

"Mfagiaji wetu," Valerian akajibu haraka.

Mkataa kwao mtumwa, lakini huyu utumwa alimtwisha mama yake. Fransiska akainamisha kichwa. Papo hapo mwanga wa taa ukapanda, na Valerian akahisi shingoni pumzi chachu ya mzee, na sauti kavu ya Kifipa, ambayo hakuna mwingine aliyeigeukia, ikamuuliza tena huyu ni nani, na yeye, macho ya wageni yakiwa juu yake, akijua fika kwamba bado angeweza kusema kweli, akanong'ona, "Mfagiaji," na mwanga ukafurika hadi akaiona mifupa ya vidole vyake.

Wageni walipiga makofi. Kazi ikapitishwa.

Walipoondoka, alimpigia mama yake magoti. "Nisamehe, mama. Niliona haya."

Fransiska alishtuka, akarudi nyuma kwa adabu. "Shikamoo, bosi."

"Mama! Ni mimi, Valerian, mwanao!"

"Mimi sikujaliwa mtoto, bosi," alisema kwa upole, akitafuta ufagio kwa macho. "Nianzie chumba kipi?"