Nilitaka Karatasi, Nikamkataa Shahidi

Ndugu wasomaji, nina miaka arobaini na saba, mjane, na nakaa Bagamoyo katika chumba cha kupanga pamoja na binti yangu Zuhura. Ni yeye anayeniandikia haya, maana mkono wangu mimi unajua khati za chuoni tu, zile herufi za Kiarabu. Nimemwambia asiruke neno, hata yale yanayoniaibisha. Na yapo mengi!

Miaka tisa iliyopita nilikuwa na mume. Jina lake Salum, alifanya kazi bandarini Dar es Salaam, mtu mpole, hana makuu. Mimi ni mzaliwa wa Lugoba, na mama yake, Bi Tausi, hakunitaka tangu siku ya posa. Alisema mwanawe amekwenda kuokota mke porini. Neno hilo nililisikia kwa masikio yangu, nikaliweka moyoni, na sikulitoa tena... Basi kila alilolifanya Bi Tausi baada ya hapo, zuri au baya, mimi nililitafutia ubaya wake.

Baba mkwe wangu, Mzee Kondo, alikuwa na shamba la minazi pale Kerege. Watoto wake walikuwa wawili tu, Salum na mdogo wake Athumani. Mzee alizoea kusema kwamba upande wa barabarani ni wa Salum na upande wa bondeni ni wa Athumani. Wanangu walikuwa wawili, Ramadhani na huyu Zuhura, na mimi usiku nililala nikijua kuwa hata nikifa leo, wana pa kushika.

Mwaka ule Salum aliugua kifua, akalazwa hospitali Dar. Nikaenda kumuuguza. Nyuma huku Bagamoyo, Mzee Kondo naye akashikwa na homa. Siku ya Alhamisi, isha imekwisha kuswaliwa, yapata saa tatu, Salum alinibana mkono, akaniachia. Ndiyo ikawa basi. Ijumaa baada ya swala wanaume wakamzika. Hata hawajarudi vizuri kutoka makaburini, akaja mtu na lori kutoka Bagamoyo kutuambia kuwa Mzee Kondo hatunaye, naye kazikwa asubuhi ile ile.

Vifo viwili, nyumba moja! Nililia mpaka sauti ikakauka. Na katikati ya kilio hicho, Mungu anisamehe, nilijiuliza... nani ametangulia?

Msinione mtu wa tamaa. Mnajua sheria yetu ya mirathi. Mtoto akifa kabla ya baba yake, na baba ana mtoto mwingine wa kiume aliye hai, wajukuu hawapati kitu, shamba linakwenda kwa ami yao. Lakini baba akitangulia, hata kwa saa moja tu, fungu la mtoto limekwisha kuwa lake, na akifa linashuka kwa wanawe. Maisha ya Ramadhani na Zuhura yote yalikuwa hapo. Babu alikufa kwanza au baba yao alikufa kwanza?

Nikaja kukaa eda Bagamoyo, nyumba moja na Bi Tausi, naye akikaa eda ya mumewe. Miezi minne na siku kumi, wajane wawili, tunatazamana! Siku ya kwanza tu alinishika mkono akaniambia, "Mzee ndiye aliyetangulia, mwanangu. Haki ya wanao ipo. Usihangaike na maafisi, mimi nitasema."

Mwanangu! Leo nimekuwa mwanangu? Miaka yote ile nilikuwa yule wa porini. Nikajiambia, hapa pana jambo. Huyu bibi anataka kunibembeleza nilale usingizi, nisitafute ushahidi wa maana, kisha siku ya siku ageuze maneno amfae mwanawe. Kila alipoanza kunisimulia jinsi mzee alivyokata roho, nilinyanyuka nikaenda jikoni. Nilidhani ananizoeza hadithi ya uwongo. Sikumuuliza saa. Sikumuuliza lolote!

Kisha ikatoka tanzia gazetini. Shemeji yangu Athumani ndiye aliyeipeleka. Mwalimu mmoja jirani alitusomea barazani, sisi wanawake tukiwa nyuma ya mlango. Ilisema kuwa Salum Kondo wa Dar es Salaam, pamoja na baba yake, Mzee Kondo wa Bagamoyo, wamefariki dunia, jamaa wote wapewe habari.

Salum kwanza, baba nyuma! Ahaa! Nilimwomba mwalimu kile kipande, nikakihifadhi ndani ya msahafu. Niliona wazi kwamba wamekwisha kupanga. Mama anaimba huku, mwana anaandika kule. Moyo wangu haukutulia tena. Hata chai akinipa Bi Tausi, nilingoja anywe yeye kwanza.

Eda ilipokwisha, Athumani akasema tukae nyumbani na wazee wachache, mama aseme aliyoyaona, shamba ligawanywe yaishe. Nikasema thubutu! Mimi mnanichezea nyumbani kwenu, mbele ya wazee wenu? Mimi nataka karatasi. Mdomo wa mtu siutaki, nataka karatasi ya serikali yenye mhuri!

Nikafunga safari hadi Dar. Afisi ya vizazi na vifo ilikuwa na karani mmoja kijana mwenye miwani. Alilowesha kidole kwa ulimi, akafunua daftari kubwa, akafunua, akafunua... Siku ya kwanza hakumwona Salum. Siku ya pili hakumwona. Nikamuuliza kama ametumwa na Athumani. Masikini ya Mungu, alinitazama kama mwendawazimu, hata Athumani mwenyewe hamjui! Siku ya tatu akampata, akaniambia niagize nakala, nirudi baada ya wiki mbili. Nilikaa kwa shoga yangu wiki mbili hizo, silali.

Nakala ikatoka. Jina la mume wangu, ugonjwa wake, siku aliyokufa. Alhamisi. Saa haikuandikwa, karatasi ile haikuwa na mahali pa saa, na mimi sikujali. Niliifunga kwenye pindo la kanga yangu, nikarudi Bagamoyo kifua mbele.

Shauri likafika kwa Liwali. Baraza lilijaa. Liwali, mtu mzima mwenye utaratibu wake, aliagiza daftari la msikiti ambamo hutiwa majina ya waliozikwa na siku waliyokufa. Halafu akasema kwamba kabla ya kulisoma angependa kumsikiliza Bi Tausi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kitandani kwa marehemu.

Hapo ndipo nilipojimaliza mwenyewe.

Nilisimama, ndugu zangu. Mbele ya umati wote ule nilisimama, nikasema, "Bwana Liwali, shahidi huyo simtaki! Ni mama yake Athumani. Atasema nini zaidi ya uwongo?"

Watu wakaguna. Bi Tausi alikuwa kakaa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Alivuta buibui lake akajifunika uso. Liwali akaniuliza kama nina hakika, kuwa mtu aliyemfumba macho marehemu simtaki. Nikasema simtaki. Akaniuliza tena. Nikamwambia lisomwe daftari na isomwe karatasi yangu, basi, na yatakayotoka humo nimeyakubali. Wakaniandikia hivyo, nikatia dole gumba. Kwa wino. Kwa hiari yangu!

Karani akasoma karatasi yangu: Salum, Alhamisi. Likasomwa daftari la msikiti: Kondo, kafariki Ijumaa, kazikwa asubuhi.

Alhamisi... Ijumaa... Mtoto katangulia, baba kafuata!

Liwali akamgeukia Athumani, akamuuliza kama ana neno la kuongeza. Athumani akavua kofia, akaitazama ndani, akasema hana la kuongeza juu ya daftari. Shamba lote likawa lake, ukiondoa thumuni ya mama yake. Wanangu, hakuna. Hata mnazi mmoja!

Nilitoka pale nikitukana. Nilihama nyumba ile siku hiyo hiyo. Mji mzima nikauambia kuwa Bi Tausi na mwanawe wamelipika daftari la msikiti. Nilipokutana naye njiani nilivuka upande wa pili. Miaka sita sikumpa salamu, mwanamke aliyemzaa mume wangu.

Nikawa nauza vitumbua. Ramadhani akaacha shule, akajifunza kukwea minazi ya watu. Athumani akauza upande ule wa barabarani kwa mtu wa mbali, na mtu huyo alipotafuta mkwezi, akampata nani? Ramadhani wangu! Mjukuu wa Mzee Kondo akawa kibarua katika fungu la baba yake.

Sasa sikieni jinsi ukweli ulivyonijia. Hakuniletea mtu. Siku moja, Jumatano, jirani alipita kutualika maulidi, akasema yatasomwa usiku wa Ijumaa. Alipoondoka, Zuhura, ambaye alikuwa shule ya serikali, akaniuliza kama ni keshokutwa. Nikamcheka. Nikamwambia, "Wewe mtoto vipi? Ni kesho! Siku kwetu huingia magharibi. Jua likizama Alhamisi, imekwisha kuwa Ijumaa..."

Mwiko ukanianguka mkononi.

Jua likizama Alhamisi, imekwisha kuwa Ijumaa! Mimi, niliyesoma Yasini kila usiku wa Ijumaa tangu utotoni! Siku ile barazani nilikuwa nimeikumbatia karatasi ya serikali, ambayo siku yake hugeuka saa sita ya usiku, nikasahau kuwa daftari la msikiti halihesabu hivyo. Hospitali waliandika sawa. Msikitini waliandika sawa. Hakuna aliyelipika daftari lolote!

Sikuvaa hata viatu. Nilikwenda mbio hadi kwa Bi Tausi, nikamkuta kalala kwenye kitanda cha kamba, amedhoofu, macho yamefifia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani?"

Nikamtajia jina langu. Nikamuuliza mzee alifariki saa ngapi.

Alijiinua kidogo kwa kiwiko. Kisha akasema, "Miaka yote hii, ndiyo leo unaniuliza?"

Akaniambia. Ilikuwa Alhamisi, magharibi imeswaliwa, isha haijaadhiniwa. Aliyemfumba macho ni yeye, na aliyeleta maji ya kumwoshea ni Athumani. Salum wangu alikata roho baada ya isha. Mzee Kondo alitangulia, kama alivyoniambia siku ya kwanza ya eda, naye alikuwa tayari kuapa hivyo barazani, mbele ya mwanawe!

Nikamuuliza kwa nini hakunyanyuka aseme. Akajibu polepole, "Ulinikataa mbele za watu. Na niliyekuwa niende kumwaibisha ni mwanangu niliyebaki naye, mmoja tu. Ningeulizwa ningesema. Sikuulizwa."

Nilimwangukia miguuni. Nililia, nikaomba radhi kwa yote, kwa uwongo niliomzulia, kwa salamu nilizomnyima. Akanipapasa kichwa. "Radhi nimekupa, mwanangu," akasema. "Shamba sina la kukupa."

Nilimfuata Athumani. Alijua! Alijua tangu siku ile barazani! Aliniambia kuwa mimi ndiye niliyetaka daftari, na daftari nikapewa. Akaingia ndani. Nikaenda kwa Liwali, sasa ni mwingine. Akafungua jalada, akanionyesha dole gumba langu na maneno yaliyo juu yake, kwamba nimeyakubali. Akasema pole. Hilo tu.

Bi Tausi nilimchukua chumbani kwangu, nikamuuguza hadi mwisho wake mwaka jana. Nilipokwenda kutoa habari msikitini, mwandishi aliandika jina na siku, akataka kufunga. Nikamshika daftari. Nikamwambia aandike pia saa, na aliyekuwepo. Akasema hawana desturi hiyo. Nikasema basi aandike pembeni, siondoki! Akaandika: Jumatatu, baada ya alasiri, jua halijatua, kwa ushahidi wa mkwewe.

Ndugu zangu, akina mama hasa, nawasihi. Ukifiwa, usikimbilie kuagiza karatasi kabla hujamuuliza aliyekuwa kitandani. Muulize saa. Muulize hata kama humpendi, hata kama aliwahi kukutukana! Karatasi yangu ilikuwa ya kweli, daftari lilikuwa la kweli, na wanangu wakakosa haki yao kwa sababu mama yao alimdhania ubaya mtu mmoja aliyekuwa anawatakia mema. Na shemeji yangu je? Mungu anamwona. Lakini kimya chake kisingemfaa kitu kama mimi nisingemfunga mdomo mama yake.

Leo alfajiri Ramadhani amekwenda Kerege kukwea. Ameniaga vizuri, kama kila siku. Anajua yote, nilimwambia mwenyewe, na tangu nimwambie hajanilaumu hata kwa neno moja... Laiti angenilaumu!